Kuhamia Mjini Bila Kuhama

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeitwa kwa naibu wa chifu. Mimi, Kahaso, mwenyekiti wa Nyumba Kumi ya Kwa Menza! Nyumba kumi zenyewe hazifiki kumi. Kutoka kwangu hadi kwa Ustadhi Khatibu unaweza kuimba nyimbo zote za ibada ya Jumapili ukazimaliza kabla hujabisha hodi. Katikati ni mihogo, mbuzi na upepo. Mtu akisikia tuko jirani na Kisauni anafikiria magorofa. Aje aone huku nyuma ya Mwakirunge.

Naibu mwenyewe, Velma, ni msichana wa juzi tu, rika la binti yangu Janice, lakini ile kofia imemkaa. Anasema watu wa kupima wanakuja. Mpaka wa kaunti mbili unapita huku kwetu na ramani ni ya tangu enzi za wazungu, haisomeki vizuri. Kwa hiyo wenyeji wataulizwa: mpaka wenu uko wapi? Tutaulizwa! Sisi! Sikumbuki lini tumewahi kuulizwa kitu na serikali isipokuwa kura.

Hali yenyewe kila mtu anaijua. Ule mstari wa mikanju mikongwe, miti ya korosho, juu ya nyumba yangu ndio mpaka. Juu ya mikanju ni mjini. Chini yake, hadi korongoni, ni sisi, na sisi ni wa kaunti ya mashamba. Mjini wana bomba, naliona nikisimama chini ya mkanju wa mwisho. Sisi tunachota kisima cha chumvi kule korongoni, maji ambayo hata chai inakasirika.

Nimerudi kusuka makuti. Vidole vinaniuma.

Jumatano, 5 Februari

Kahindi amekuja na pikipiki. Huyu Kahindi ni mtu wa mheshimiwa wa wadi ya mjini, ndiye anayemtangulia kila mahali akipanga viti. Amepita nyumba zote na neno moja: watu wa kupima wakija, semeni mpaka ni korongo. Korongo liko chini yetu. Mpaka ukiwa korongo, sisi sote tunaingia mjini bila kuhamisha hata sufuria. Bomba litateremka. Watoto watapata basari ya shule. Greda litapita.

Nikamuuliza, na mikanju je? Akacheka. Mama Janice, mti nao ni mpaka? Ukikauka je?

Mama mkwe alikuwa barazani kwenye kitanda chake cha kamba. Macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila kivuli, lakini masikio — wee! "Maji ya mfereji?" akauliza. "Yafike hapa?" Kahindi akamwambia, bibi, yatafika hadi jikoni. Mama mkwe Kache ameshinda akitabasamu peke yake kutwa nzima. Usiku wa kuamkia leo alikuwa akilalamika mgongo. Leo hakuna mgongo.

Jumamosi, 8 Februari

Baraza lilifanyika uwanja wa kanisa. Nguma wangu amekuja kutoka Changamwe, anakobeba magunia kwenye magodauni, alikuwa hata hajalala. Amekaa nyuma akisinzia, mume wa mwenyekiti!

Khatibu ndiye aliyepinga. Alisema kwa upole wake ule, Bismillahi kwanza, kisha akauliza: je, kaunti ya mashamba si imeahidi kutupimia, kila mtu apate hati yake ya shamba? Tusisubiri kidogo? Watu wakaangua kicheko. Kusubiri! Baba yake Khatibu alisubiri, baba mkwe wangu naye alisubiri, sasa yumo kaburini pale nyuma ya nyumba yangu na hati hana.

Wanawake tukachemka. Mimi pia. Nilisema mbele za watu, mwenye kutaka hati na akachote maji kwa hati. Walinipigia makofi. Nilijisikia mtu.

Tukaambiwa wanaotaka korongo wasimame. Tulisimama. Mama mkwe alisimamishwa na wajukuu wawili, mkono juu. Mwisho Khatibu naye akasimama, akisema hata mkewe Mwanaima kichwa kimemchakaa kwa ndoo. Hakuna aliyebaki ameketi isipokuwa Nguma, na yeye alikuwa amelala. Tulicheka!

Nimechaguliwa kutembea na watu wa kupima. Ni wajibu wa mwenyekiti.

Alhamisi, 13 Februari

Tumetembea. Jua kali, nyasi zinachoma miguu. Wapimaji walikuwa na chombo juu ya mlingoti, kama sufuria iliyofunikwa. Velma alivaa viatu vya mjini, akajuta.

Tulianzia juu kwenye mikanju. Mkubwa wao, mtu wa bara, mtaratibu, akauliza: mama, tuko kwenye mpaka? Nikasema bado. Nikapita. Miguu ilitaka kusimama pale, imezoea, tangu niolewe nimeambiwa mbuzi wasivuke pale. Niliilazimisha. Tukateremka kupita nyuma ya nyumba yangu, kupita kaburi la mzee, kupita mihogo ya kina Mweri, tukashuka hadi ukingo wa korongo. Hapa, nikasema.

Una hakika? Akauliza hivyo. Mara mbili aliuliza.

Nikamjibu ndivyo walivyosema babu zetu. Uongo mtupu! Babu zetu hawakusema lolote. Velma aliangalia pembeni. Anajua, amekulia hapo ng'ambo tu. Lakini alitusikia barazani na wenyeji ndio wenye kusema, kazi yake ni kuandika. Tukatia vidole gumba kwenye wino, mimi na wazee wawili. Wakamwaga saruji, bikoni tatu za kuonyesha mpaka, nzuri, zimekaa kama vigoda.

Nimechoka lakini nina furaha. Wacha niseme, nina furaha sana.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeamka mjini! Jogoo ni yule yule.

Jumatano, 5 Machi

Bomba bado. Kahindi hashiki simu. Ikiita sana inazimwa.

Ramadhani imeanza. Mwanaima ameniletea tambi kwenye bakuli la bluu, nami sina cha kurudishia ila mihogo. Amesema Mama Janice, usijali, mwezi huu hatuhesabiani.

Kule juu kwenye timbo mashine zimeongeza kelele. Kampuni ya mawe imekuwa pale miaka mingi, wanachimba, wanachonga, malori yanateremka na kokoto. Vumbi lao ndilo poda yetu. Mama mkwe ameuliza ni sauti gani hiyo. Nimemwambia mashine. Akasema, wanachimba mtaro wa bomba hao! Sikubisha. Labda.

Jumanne, 11 Machi

Mikanju imeng'olewa.

Yote. Nilisikia mlio asubuhi nikiwa kisimani, nikapanda mbio na ndoo kichwani, maji yote yakanimwagikia. Trekta la manjano. Mkanju wa mwisho ulikuwa umelala ubavu, mizizi juu, ungedhani mtu ameanguka na kanzu imefunuka. Nilipiga kelele. Nilisimama mbele ya mashine nikiwa nimelowa hivyo hivyo. Dereva akazima injini akaangalia simu yake.

Akaja karani wa kampuni. Kijana mwenye adabu zake, shikamoo mama, pole kwa usumbufu. Afadhali angenitukana! Nikamwambia mmevuka, miaka yote mlikuwa mnaishia hapa kwenye mikanju, hamjawahi kugusa huku. Akasema ni kweli mama. Shamba letu tulipewa hadi kwenye mpaka wa kaunti, hatua moja mbele haturuhusiwi. Zamani mpaka ulikuwa hapa. Sasa uko kule chini korongoni, na shamba letu nalo limefika korongoni, nyumba zenu zimo ndani yake.

Nikamwambia arudie. Akarudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

Akasema tena: wenyewe ndio mlioonyesha, mama. Sisi hatukuomba.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Niliivuta ndoo tupu nikaikumbatia, wala sikumtukana. Mimi, ambaye Nguma husema nikifa mdomo utazikwa kando!

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Velma tangu asubuhi, kwa miguu. Nimemweleza yote. Alisikiliza, akavua kofia, akaiweka mezani. Kisha akasema: mama, nyinyi si wangu tena. Tangu mpaka upimwe mmehamishwa. Nenda kwa chifu wa upande wa mjini.

Nikamwambia Velma, mwanangu, wewe ulikuwepo. Akasema ndiyo nilikuwepo. Nikamwambia basi twende tukawaambie tulikosea. Akashusha sauti. Wapimaji walikuuliza mara mbili, mama, nawe ukajibu, na kidole ukatia. Ukisema leo ulidanganya, hiyo ni kesi nyingine. Unataka kufungwa?

Alinipa soda. Nimeinywa. Sijui kwa nini nimeinywa.

Jumatatu, 17 Machi

Chifu wa mjini ofisi yake ina feni. Nimekaa kwenye benchi hadi adhuhuri, nikiangalia feni.

Ameniuliza natoka wapi. Kwa Menza. Akaita msaidizi wake, Kwa Menza ni wapi? Msaidizi hajui. Wakafungua kompyuta. Hakuna. Akanieleza kwa huruma kabisa kwamba mpaka umeshapimwa ndiyo, lakini watu bado hawajahamishiwa kwake. Ardhi imekuja. Watu bado. Mpaka itoke barua kutoka juu, yeye hawezi kutusikiliza rasmi.

Juu wapi? Juu, mama.

Kwa hivyo ardhi ni ya mjini na sisi si wa popote. Nilimuuliza nikifa leo nani atatoa kibali cha kunizika. Akacheka akidhani natania.

Alhamisi, 20 Machi

Tumekutana wenyewe uwanja wa kanisa, bila chifu. Chifu gani?

Waliniruka! Mweri alianza. Wewe ndiye uliyetembea nao, wewe ndiye uliyesimama korongoni ukasema hapa. Wengine wakaitikia. Mwanamke aliyenipigia makofi mwezi jana, yule yule, leo ananinyooshea mkono usoni. Nikawauliza, nani aliyeketi siku ile? Nani? Nyamazeni basi! Lakini nikalia mbele yao, nami nilikuwa nimejiapia sitalia.

Khatibu akasimama na swaumu yake, midomo imekauka. Wallahi, akasema, hata mimi nilisimama. Tusimtwike mama huyu peke yake. Wakanyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Tumekubaliana twende kwa mheshimiwa. Kahindi ndiye mlango. Mlango umefungwa.

Nimempigia Nguma. Anasema atakuja Jumamosi. Nikamwambia uje ufanye nini? Kwa kweli nilitaka kujua. Nikasikia watu wakipakia gari nyuma yake, kisha akasema sijui, nije tu nikae nawe.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja. Tulikaa. Amepanda paa kuziba makuti yanayovuja, masika yanakuja. Nilimtazama akishona paa la nyumba inayotakiwa kubomolewa, nikakosa namna ya kumwambia ashuke.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumealikwa kwa Khatibu, pilau na kachumbari, watoto wamevaa vipya. Mwanaima amenipaka hina mkononi kwa nguvu, nilikataa akanishika.

Baada ya kula Khatibu aliniomba nitembee naye hadi ukingoni mwa korongo, kuna kitu nikione. Nikaona. Ng'ambo ile, upande uliobaki mashamba, kuna watu na mlingoti na ile sufuria yao. Wanapima mashamba. Kila mwenye nyumba amesimama kwenye kona ya shamba lake na watoto wake, wengine wamevaa kama wanaokwenda harusini. Hati zinatoka mwaka huu huu. Namjua mmoja wao, Dhahabu, tulikuwa naye kwaya. Aliniona, akapunga mkono kwa furaha. Mwenzangu, hajui!

Nami nikampungia.

Khatibu alisema, ningeketi tu siku ile, Mama Janice. Kuketi tu! Nikamwambia usianze, ustadhi, leo ni Idi. Tukarudi tukanywa chai.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua usiku kucha. Paa halikuvuja.

Karani wa adabu amekuja na mwenzake na askari mmoja, wakiwa na miavuli. Kesho wataanza kutia alama nyumba. Rangi nyekundu, namba ukutani. Kila mwenye nyumba awepo na kitambulisho chake. Watatoa kifuta jasho cha nyumba na cha miti. Cha ardhi hapana, kwa sababu ardhi ni yao na sisi ni maskwota. Nimelisikia hilo neno maisha yangu yote likisemwa juu ya watu wengine.

Nikamwonyesha kaburi la baba mkwe. Nikamwambia hili nalo mtalitia namba? Akaangalia chini. Akasema makaburi yatahamishwa kwa heshima, mama, tena kwa gharama ya kampuni. Yatahamishiwa wapi? Hilo bado linatafutwa.

Mama mkwe pale pembeni mwa mzee ndipo pake pa kuzikwa. Anapajua. Amepanda mwenyewe maua ya kiangazi pale, zamani akiona, na bado huenda kupapasa kama yapo. Sijamwambia kitu. Mwezi mzima sijamwambia. Kila mashine ikinguruma ananiuliza, wamefika wapi na mtaro? Nami namjibu wako njiani, mama. Nguma anasema nimwambie. Kwa nini asimwambie yeye? Mama ni wake! Nguma akasema, wewe ndiye unayeongea vizuri.

Nitamwambia kesho asubuhi kabla hawajaja. Baada ya uji.

Jumatano, 9 Aprili

Uji ameumaliza. Sikuweza.

Nilianza. Nilisema mama, wale watu wa mashine. Akanidaka hapo hapo, uso wote umechangamka, wanakuja leo? Nikasema ndiyo wanakuja leo. Basi! Akaitisha leso yake mpya, ile ya Krismasi. Akataka aoshwe miguu. Nimemwosha. Nilikuwa nimepiga magoti pale, maji ya kisima, miguu yake kwenye karai, ningesema wakati ule. Sikusema.

Wamekuja. Karani, askari, fundi na ndoo ya rangi. Wametoka kwa kina Mweri, namba moja. Hii yangu itakuwa namba mbili. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, namba mbili!

Wameniomba kitambulisho. Nimewaambia kiko ndani, nikaingia kukitafuta. Kiko mfukoni mwangu, kwenye kanga, nakigusa sasa hivi. Nimekaa kitandani naandika.

Nje namsikia mama mkwe. Amewakaribisha kwa sauti ya furaha, hodi hawajapiga yeye keshasema karibuni, karibuni wanangu, mmechelewa lakini mmefika. Anawaelekeza. Anawaambia wasiharibu upande wa kaburi, wapitishe huku kushoto, mfereji ukae karibu na jikoni, mkwe wangu huyu mgongo umemwisha kwa ndoo. Fundi amesema nini sijasikia. Nasikia ndoo ya rangi ikiwekwa chini. Sasa anawaambia wasione haya, waketi kwanza, wanywe chai, kazi ya maji ni kazi ya thawabu.

Karani amekohoa. Anauliza, mama Kahaso yuko wapi?

"Kahaso!" mama mkwe anaita. "Kahaso we! Watu wa maji hawa, walete viti!"

Abee mama, nimeitika. Ananisikia. Anawaambia anakuja, anakuja huyo, ni msikivu sana.

Viti viko hapa mbele yangu. Naviangalia.